Mwenye Upawa Hula Mwisho

Nchi yenyewe ipo, tena ipo karibu. Ila Sheria ya Kulinda Jina la Nchi imekataza isitajwe na mtu asiye na kibali, na ofisi ya kutoa vibali hufunguliwa siku afisa wake akiamka vizuri. Kwa hiyo tuiite nchi tu. Ina milima, ina mito, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko walimu wa kuufundisha, na ina watu wapole ambao ukiwakanyaga mguu wanakuomba radhi kwa kuuweka pale.

Zamani nchi hiyo ilikuwa na Baba wa Taifa. Alipofariki, mrithi wake alikataa katakata kuitwa Baba.

"Baba ni cheo cha mateso," aliwaambia wazee waliokwenda kumtawaza. "Baba huulizwa unga. Baba huulizwa ada. Mtoto akiugua, baba ndiye anayetazamwa usoni. Mimi niiteni Mjomba. Mjomba huja na pipi, hucheka na watoto, kisha hurudi kwake."

Wazee walitazamana, wakaona maneno yana mantiki, wakapiga makofi. Tangu siku hiyo akawa Mjomba wa Taifa, na wananchi wote, wakiwemo waliomzidi umri, wakawa wapwa.

Sasa katika nchi hiyo ilikuwapo mila ya kale, na ndiyo inayotuhusu. Mzazi akisafiri, humwita ndugu atakayebaki na watoto, akamkabidhi upawa wa nyumba mbele ya watoto wenyewe. Si upawa wa maonyesho. Ni ule ule wa kifuu cha nazi wanaopakulia mchuzi kila siku. Mtoto mkubwa huulamba mara moja kuonyesha kwamba ameridhika, na yule aliyepewa hutamka, "Mwenye upawa hula mwisho." Basi, imekwisha. Kuanzia hapo mpaka mzazi arudi, mtu huyo hatii tonge mdomoni kabla watoto hawajashiba.

Mjomba wa Taifa naye alikabidhiwa wake, wa dhahabu, mrefu kama mpini wa jembe, na mtoto aliyeteuliwa na kamati akaulamba. Mwanzoni Mjomba alikula mwisho kama mila ilivyotaka, akakonda, akawa mkali kwa mawaziri. Ndipo wataalamu wake wakagundua kwamba mila inamkataza kula, lakini haimkatazi kuonja. Maana mpishi asiyeonja atajuaje chumvi? Basi akaanza kuonja. Alionja bandari. Alionja mgodi wa kusini. Msitu wa kaskazini aliuonja kwa muda mrefu kidogo, na alipomaliza, redio ikatangaza kwamba Mjomba ameona msitu huo ulikuwa umepungua chumvi. Wapwa wakatazama mahali ulipokuwa msitu, wakakubali kwamba kweli kuna kitu kimepungua.

*

Katika mtaa mmoja wa nchi hiyo, uitwao Subirini, alikaa msichana jina lake Kidawa, mwenye miaka kumi na mmoja, pamoja na wadogo zake wawili. Mmoja ni Majuto, mwenye miaka saba na maswali ya mtu wa sabini. Wa mwisho ni Chausiku, ambaye bado alikuwa akiita kila kitu chenye miguu minne "mbuzi," meza ikiwemo. Baba yao alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mama yao, Mwajabu, alichaguliwa kuingia katika Mpango wa Taifa wa Kusafirisha Mama, ambao ndio fahari ya Wizara ya Familia na Furaha.

Nchi nyingine husafirisha kahawa na korosho. Nchi hii, baada ya kahawa na korosho kuonjwa, iligundua kwamba kilichobaki ghalani na kinachotakiwa huko nje ni akina mama. Wakawa wanaondoka kwa ndege, makundi kwa makundi, kwenda kulea watoto wa watu.

Watoto wao wabaki na nani? Bi. Fatu, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alijitolea. Wizara ikamjibu kwa adabu kwamba jirani si jamaa, na sheria haimtambui mtu wa namna hiyo. Sheria ilitaka mjomba, kwa heshima ya Mjomba. Na mjomba alikuwapo: Kibwana, mdogo wake Mwajabu, kijana wa makamo ambaye alikuwa karibu kupata kazi tangu alipomaliza shule.

Tusimwonee. Kidawa mwenyewe ndiye aliyemtaka. Hapakuwa na mtu duniani ambaye yeye alimpenda kama Mjomba Kibwana baada ya mama yake, na kuna siku alikuwa hana hakika na huo mpangilio. Mjomba aliweza kupiga ngoma kwa vijiko viwili na goti. Aliweza kumwiga mwalimu mkuu, mbuzi wa Bi. Fatu, na mwalimu mkuu akimfukuza mbuzi wa Bi. Fatu. Na kila asubuhi alipokuwa na bashasha alikuwa akijificha nyuma ya pazia la chumbani na kusoma habari kwa sauti nzito: "Hapa ni Redio Chumbani. Habari kwa ufupi. Majuto amelala bila kunawa miguu; serikali inachunguza."

Basi siku Mwajabu alipomkabidhi upawa, na Kibwana akatamka maneno ya mila huku ameweka mkono kifuani, Kidawa aliulamba mara mbili, ingawa mila inataka mara moja tu. Watu waliokuwapo walicheka, mama yake akalia, na wote wakaona ni dalili njema.

*

Mjomba Kibwana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa "nakuja sasa hivi." Alikuwa akitoka kununua chumvi akarudi kesho na kinanda kibovu. Vifurushi alivyotuma mama alivifungua mwenyewe ili kuhakiki, na katika kuhakiki vilipungua. Kidawa alipomkumbusha maneno ya mila, Mjomba aliinua kidole akacheka.

"Mimi sili, mpwa wangu. Mimi naonja. Muulize Mjomba wa Taifa."

Na Kidawa alicheka naye. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye, kwamba alicheka.

Siku yenyewe ilianza kwa Redio Chumbani. "Hapa ni Redio Chumbani, sauti ya wenye njaa wasionuna," alisema Mjomba nyuma ya pazia. "Habari kwa ufupi. Sukari imeonekana juu ya kabati. Watoto wote wanatakiwa watulie wakati uchunguzi ukiendelea." Watoto walicheka mpaka Majuto akapata kwikwi. Kisha Mjomba akavaa shati lake la maua, akaufunga mlango kwa nje kwa usalama wa watoto, akatia ufunguo mfukoni, na kusema dirishani, "Nakuja sasa hivi."

Sasa hivi ya Mjomba Kibwana ilikuwa na urefu wake. Siku hiyo ilishinda, ikalala, ikaamka. Unga ulikwisha. Kidawa alichemsha majani ya mchaichai, akayapakua kwa upawa katika bakuli kama mchuzi, na kuwaambia wadogo zake watafune polepole. Majuto akauliza atafune nini. Chausiku hakuuliza chochote. Yeye alikuwa amesikia redioni kwamba sukari iko juu ya kabati, na alikuwa katika umri wa kuamini kila linalotangazwa.

"Mbuzi mkubwa," alisema Chausiku, akalipanda kabati.

Kabati likayumba. Mtoto akaanguka, mkono ukiwa chini yake, na mlio uliosikika Kidawa hakuusahau tena. Alikwenda dirishani akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Bi. Fatu ndiye aliyekuja, na shoka lake la kuni, akalivunja komeo. Hospitali ya wilaya ilikuwa imefungwa, kwa kuwa vitanda vyake vilikuwa vinaonjwa. Mzee mmoja mjuzi wa kuunga mifupa akaufunga mkono kwa vijiti na vitambaa. Mkono ulipona, lakini haukunyooka tena. Ukiambiwa nyooka, ulikwenda nusu ya njia na kukoma, kama mtu aliyetaka kuomba kitu kisha akaona haya.

Mjomba aliporudi akauona, alikaa sakafuni pale pale na shati lake la maua, akalia. Hakulia kwa mchezo. Makamasi yalimtoka na hakuyafuta.

"Nimekosa, Kidawa," alisema. "Mimi si mtu. Lakini mama yako tusimwambie. Yuko mbali, analea watoto wa watu, akisikia hili moyo utampasuka. Iwe siri yetu, mimi na wewe. Umesikia, mpwa wangu?"

Kidawa akamfuta machozi kwa ncha ya kanga. Tangu hapo mama alipopiga simu ya Mjomba, yeye ndiye aliyeipokea. "Tumeshiba, mama. Chausiku anacheza. Mjomba anatuchekesha sana." Hakuwa amewahi kumdanganya mama yake, alijifunza kwa ajili ya Mjomba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba nguo yenyewe utaifua mwenyewe na kuipiga pasi.

*

Mjomba Kibwana alikuwa na maradhi: kisa kikimkaa kifuani, kilimwasha. Alijitahidi. Alijizuia kadiri alivyoweza, ambayo ni kama wiki. Kisha akaketi kwenye baraza ya kahawa akakitoa chote: mchaichai wa kutafuna, mbuzi mkubwa, msichana anayelia dirishani kwa sauti ya kukwaruza, na Bi. Fatu akija na shoka huku kanga inamdondoka. Watu walianguka kwenye mikeka. Mmoja wao alicheka mpaka meno yake ya bandia yakaingia katika kikombe cha mwenzake, na mwenye meno hayo, kwa bahati ya taifa, alikuwa Mkaguzi Mkuu wa Vicheko kutoka Wizara ya Familia na Furaha.

Wizara ilikuwa inatafuta filamu. Siku hizo kulikuwa na manung'uniko kwamba watoto walioachwa na akina mama wanateseka mikononi mwa wajomba, na manung'uniko hayo, yakienda mbali, yangeweza kufika kwa Mjomba wa Taifa mwenyewe. Waziri Makeke, mwenye dhamana, alikuwa mtu wa kuyakabili matatizo kwa kuyapa muziki. Akaitisha mkutano na waandishi wa habari.

"Ndugu wapwa," alisema, akapumzika ili apigwe picha. "Utafiti wa kina, uliofanywa na mimi, umebaini kwamba njaa ikitazamwa na mtu mmoja mmoja ina mapungufu yake. Lakini njaa hiyo hiyo ikitazamwa na familia nzima, kwa pamoja, katika viti vizuri, inachekesha! Kwa hiyo serikali yenu sikivu imeamua kuleta filamu ya kwanza ya vichekesho vya kifamilia, iitwayo *Mjomba Wetu Huyo*. Asiyecheka atapewa msaada."

Watoto wa filamu walitafutwa nchi nzima na kupatikana nyumbani kwa Waziri. Binti yake, Shadya, alipewa nafasi ya dada mkubwa, ambaye katika filamu anaitwa Furaha. Mwongozaji alifika Subirini kuona mazingira, akawatazama Kidawa na wadogo zake, akatikisa kichwa. "Hawa wamekonda mno," alisema. "Watazamaji watahuzunika." Akalipenda kabati, nalo likapakiwa garini.

"Wameliazima tu," Mjomba alimwambia Kidawa. "Ni hadithi ya watoto fulani, ya kubuni. Nami nimepewa kuigiza mjomba."

"Mjomba gani?"

"Mjomba tu. Wajomba wapo wengi."

Shadya aliletwa siku moja, na walinzi, ajifunze ufukara kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa mtoto mzuri, mwenye adabu na soksi nyeupe. Aliketi kwenye mkeka akamuuliza Kidawa kwa dhati, "Eti njaa unaifanyaje usoni?"

Kidawa akafikiri. "Huifanyi," alisema. "Inakaa yenyewe."

Shadya alishukuru sana, akaondoka akijaribu.

*

Siku ya uzinduzi familia zote zilitakiwa zifike ukumbini kama familia. Wakaguzi wa Vicheko walisimama vichochoroni na kurunzi. Kidawa alikaa katikati ya wadogo zake, amevaa gauni la sikukuu, moyo ukimdunda kwa fahari. Maana picha ya Mjomba wake ilikuwa imebandikwa kila ukuta, na yeye mwenyewe alikuwa mbele kabisa, ubavuni mwa Waziri, na shada la maua shingoni.

Taa zikazimwa. Maneno yakatokea, na Majuto, aliyekuwa fundi wa kusoma kwa sauti, akayasoma: "Kisa hiki ni cha kubuni. Watoto hawa hawapo."

Kisha pazia la chumbani likaonekana, kubwa kama nyumba, na sauti nzito nyuma yake: "Hapa ni Redio Chumbani."

Ukumbi ulilipuka. Kidawa akawavuta wadogo zake karibu. Likaja kabati la mama yake. Ukaja mchaichai, na Shadya akiupakua kwa upawa na kuutafuna huku amefumba jicho moja; hivyo ndivyo alivyoamua njaa inavyofanywa. Watu walijipiga mapajani. Akaja mtoto mnene akisema "mbuzi mkubwa," akapanda, akaanguka polepole sana kwa muziki wa tarumbeta, moja kwa moja ndani ya beseni la unga, akainuka mweupe pe, mkononi kashika kopo la sukari. Shadya alipokimbilia dirishani na kupiga kelele kwa sauti ya kukwaruza, mwanamke aliyekaa nyuma ya Kidawa alilia kwa kicheko na kumwomba Mungu amwonee huruma.

"Dada," alisema Majuto, "mbona wao walikuwa na unga?"

Mwanga wa kurunzi ukamjia Kidawa usoni. "Wewe mtoto, mbona hucheki?" aliuliza Mkaguzi.

"Yule ni mimi."

"Yule ni Furaha, binti wa Waziri. Cheka."

Kidawa alitazama mbele, kwenye kisogo cha Mjomba Kibwana. Njaa alikuwa ameizoea, na hata mkono wa Chausiku alikuwa amemsamehe, kwa kuwa alimwona akilia. Lakini siri ile aliyomfichia mama yake mzazi, akajifunza uongo kwa ajili yake, Mjomba alikuwa ameigawa kwa taifa zima pamoja na bisi. Mbele kule Mjomba aligeuka, akamtafuta kwa macho, na alipompata akamkonyeza kama walivyozoea. Hakuonekana kujua kwamba amefanya lolote.

Kidawa akafungua mdomo, akatoa sauti ya kicheko. Mkaguzi akaridhika, akaisogeza kurunzi mbele.

*

Alibakiwa na tumaini moja. Mama angekuja likizo. Siri ilikuwa imevunjwa na Mjomba mwenyewe, kwa hiyo sasa angeweza kusema, na mama akishajua, hatamkabidhi tena Mjomba upawa. Pengine hata asiondoke. Kidawa aliyapanga maneno yake kwa miezi, akiyarudia anapoteka maji, ili siku ikifika yasitoke ovyo.

Siku ikafika. Mama alikuja na sanduku, marashi ya kigeni na viatu vilivyowabana, maana alikuwa amevinunua kwa kukumbuka miguu ya zamani. Walilia, wakakumbatiana. Alipokuwa anakunja nguo, Kidawa akaingia chumbani, akaurudisha mlango.

"Mama, Mjomba alitufungia ndani akaenda zake."

Mama akatabasamu, hakuinua macho. "Hiyo nimeiona, mwanangu. Ubalozi ulitukusanya akina mama wote, wakatuonyesha."

"Hatukuwa na unga. Nilichemsha mchaichai."

"Na yule mtoto akaupakua kwa upawa! Alinivunja mbavu."

"Mama, sisemi filamu."

Akamwita Chausiku. "Nyoosha mkono." Mkono ukaenda nusu ya njia, ukakoma. Mama aliutazama, akashika shati alilokuwa anakunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Hakuuliza mtoto amefanya nini. Hapo ndipo Kidawa alipoanza kuogopa, kwa sababu mtu asiyejua huuliza.

"Mama, kabati uliliona?"

Shati likakunjuliwa tena.

"Mama."

"Kabati nililinunua na baba yenu," alisema Mwajabu kwa sauti ndogo. "Mlango wake wa kushoto niliupigilia misumari mimi mwenyewe. Nitaacha kulijua? Nililiona, Kidawa. Nikajua yote."

"Ukacheka?"

"Tajiri yangu alikuwa ameketi ubavuni kwangu, na afisa wa ubalozi ananitazama mdomo. Wenzangu wote wanacheka, na kila mmoja ana watoto nyumbani. Ningefanyaje? Nikacheka." Akafuta uso. "Na wewe je? Si nilikuwa nakuuliza kwenye simu? Si uliniambia mmeshiba?"

Ni kweli Kidawa alimwambia hivyo.

"Usirudi huko, mama."

"Nimeshaweka dole gumba kwenye mkataba."

"Basi tuachie kwa Bi. Fatu."

"Sheria haimjui Bi. Fatu. Inamjua Kibwana, tena sasa amepewa cheti cha Mjomba wa Mfano." Akamvuta Kidawa kifuani. Alinuka marashi, si jasho la zamani. "Vumilia, mwanangu. Wewe ni mkubwa."

Katika nchi hiyo neno hilo huambiwa watoto peke yao.

*

Makabidhiano yalifanyika uwanja wa ndege, mbele ya kamera, kwa kuwa familia ya Mjomba wa Mfano ilichaguliwa iwakilishe nyingine zote. Upawa wa kifuu ulikuwa umepakwa rangi ya dhahabu na Wizara usiitie nchi aibu, na rangi yenyewe ilikuwa haijakauka vizuri. Waziri Makeke alieleza kwamba mtoto ataulamba kwa hiari yake mwenyewe, kama sheria inavyotaka, na kwamba asiyekuwa na hiari atapewa ya Wizara.

Mwajabu akautoa upawa. Kibwana, amevaa suti, akaupokea, akaweka mkono kifuani na kutamka, "Mwenye upawa hula mwisho." Watu wakashangilia. Kisha akamsogezea Kidawa, na Kidawa akafumba mdomo.

Mjomba akainama, akamnong'oneza kwa ile sauti nzito. "Hapa ni Redio Chumbani. Mpwa mmoja amenuna uwanjani. Serikali inachunguza."

Na pembe ya mdomo wa Kidawa ikamsaliti, ikataka kucheka, kwa mazoea tu. Jambo hilo lilimtia uchungu kuliko yote. Akamtazama Mjomba machoni.

"Siku zile ulizotufungia," alisema, na kipaza sauti kilikuwa karibu, "wewe ulikula wapi, Mjomba?"

Mjomba Kibwana akawa mwekundu wa macho, na kwa kitambo kidogo alionekana kama yule mtu wa sakafuni. Kisha Mkaguzi Mkuu wa Vicheko akashika meno yake, akacheka, na kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu, uwanja mzima ukamfuata.

"Mnaona?" alipaza Waziri Makeke akipangusa machozi. "Ucheshi uko katika damu ya familia hii! Haya, mtoto, lamba."

Kidawa hakulamba. Ndege ilikuwa imewasha injini.

"Lamba, mwanangu," alisema mama yake, akitabasamu kwa kamera. "Usiniaibishe."

Hakulamba. Mtu wa kamera akaangalia saa yake. Waziri akaashiria kwa kidole, na kutoka katika gari la wageni waalikwa akashuka Shadya, soksi nyeupe, nywele zimesukwa kama za Furaha. Uwanja ulimtambua ukapiga mayowe ya mapenzi. Akasimama mahali pa Kidawa, ambaye alisogezwa taratibu na walinzi wawili wapole, akaulamba upawa mara tatu, kila upande wa kamera mara moja, bila kukunja uso kwa rangi.

"Mtoto ameridhika!" alitangaza Waziri.

Mwajabu akapiga makofi na wenzake. Akamkumbatia Furaha, maana kamera zilikuwa upande ule, akamwambia awatunze wadogo zake. Alipogeuka kumtafuta Kidawa, mstari wa akina mama ulikuwa umeanza kusogea, naye akasogea nao.

Mjomba Kibwana aliondoka katika msafara wa Waziri, upawa mkononi, kwenda kwenye karamu. Alitoa kichwa dirishani mwa gari. "Nakuja sasa hivi," alisema.

Jioni Bi. Fatu alipitisha unga juu ya ukuta, bila neno, kwa kuwa sheria haimjui. Kidawa akakoroga uji. Alipotaka kupakua akaukosa upawa, akachukua kikombe.

"Dada," aliuliza Majuto, "sasa nani ana upawa wetu?"

"Kula."

Chausiku alipokea bakuli kwa mkono ulio mzima, akanywa, akaomba tena, akapewa. Majuto naye akaomba tena. Kidawa aliketi karibu na sufuria akiwatazama, na njaa imekaa usoni pake yenyewe, mpaka wote wawili wakasema wameshiba. Ndipo akakwangua kilichobaki, akala.